Hoteli Zinazoelea za Srinagar: Biashara Iliyozaliwa na Kukosa Ardhi

Srinagar, mji mkuu wa kiangazi wa Jammu na Kashmir kaskazini mwa India, umejengwa kwenye kingo mbili za mto Jhelum, ndani ya bonde lililo takriban mita 1,585 juu ya usawa wa bahari. Mtoni hapo, na katika maziwa ya Dal na Nigeen yaliyoungana na mto kwa mfereji, zimefungwa mamia ya mashua ndefu za mbao zisizo na tanga wala injini. Kazi yake ni kulaza wageni. Kila moja ni hoteli kamili yenye sebule, chumba cha kulia, vyumba vya kulala, maliwato na baraza inayotazama maji, na nyingi ni mali ya familia inayoishi hatua chache tu kutoka kwa wageni wake. Biashara hii ina umri wa zaidi ya miaka 130. Imepitia kuondoka kwa Waingereza, kugawanywa kwa nchi, vita na mafuriko, na karibu kila badiliko lake kubwa limetokana na jambo lililoamuliwa nchi kavu: nani aruhusiwe kumiliki ardhi, barabara ipite wapi, mpaka uchorwe wapi, maji taka yaelekezwe wapi.

Mto uliokuwa barabara

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, bonde la Kashmir halikuwa na usafiri wa magurudumu. Watu walitembea, wenye uwezo walipanda farasi, na mizigo mizito ilikwenda kwa maji. Kati ya Khanabal upande wa kusini-mashariki na Baramulla upande wa kaskazini-magharibi, Jhelum hutiririka polepole kwa takriban kilomita 160, na sehemu hiyo yote ilipitika kwa mashua. Mpunga wa kulisha mji, kuni, mawe ya kujengea na mboga vilishushwa kwenye ngazi za mawe za Srinagar. Nyumba, misikiti na mahekalu yalielekezwa mtoni, na madaraja saba ya kale, yaliyosimama juu ya nguzo za magogo ya mwerezi, ndiyo yaliyounganisha mitaa ya upande mmoja na wa pili.

Majeshi ya Wamughali yalipoiteka Kashmir mwaka 1586, wageni hao walistaajabia wingi wa vyombo vya maji. Abul Fazl, mwandishi wa habari za mfalme Akbar, alieleza kwamba nchi ilikuwa na mashua zaidi ya 30,000, lakini hakuna hata moja iliyolingana na hadhi ya mfalme. Mafundi wakaamriwa kumjengea Akbar majumba ya mtoni. Kwa hiyo wazo la kukaa juu ya maji kwa starehe lilikuwapo Kashmir karne tatu kabla ya watalii wa Kizungu, ingawa kwa wakati huo lilikuwa anasa ya mfalme na watu wake.

Walioishi majini mwaka mzima walikuwa Wahanji, jamii ya Waislamu wenye kazi ya mashua. Walter Lawrence, ofisa Mwingereza aliyesimamia upimaji wa ardhi na kodi ya Kashmir na kuchapisha kitabu juu ya bonde hilo mwaka 1895, aliandika kwamba Wahanji walijinasibisha na Nabii Nuhu. Aliwataja pia kwa mafungu ya kazi zao: wavuvi, wakulima wa mboga za ziwani, wachumaji wa njugu za maji, wabebaji wa nafaka kwa majahazi makubwa, na wasafirishaji wa abiria. Wengi wao hawakuwa na shamba wala kiwanja. Mtoto wa Kihanji alizaliwa mashuani, akajifunza kushika kafi na pondo akingali mdogo, na alipooa alitafuta mashua yake mwenyewe.

Chombo cha wasafirishaji wa abiria kiliitwa dunga. Kilikuwa na sakafu bapa, urefu wa mita 15 hivi au zaidi, na upana wa mita mbili. Paa lake lilikuwa la mbao nyembamba au mikeka ya mafunjo, na kuta zake zilikuwa mikeka mitupu iliyokunjwa mchana ili kuingiza hewa na kushushwa usiku. Abiria walikaa upande wa omo. Mwenye chombo, mkewe na watoto walikaa shetri, ambako pia palikuwa na jiko la udongo. Kabla ya mwaka 1890, mgeni aliyefika Baramulla kwa farasi au kwa miguu alikodi dunga, akasukumwa kwa pondo kupita ziwa Wular, na baada ya siku mbili au tatu akaingia Srinagar. Hapo ndipo wageni walipoanza kulala majini: si kwa kupenda mandhari, bali kwa sababu chombo cha safari kilikuwa pia nyumba.

Sheria ya ardhi na kiangazi cha Wazungu

Mwezi wa Machi 1846, baada ya kuwashinda Masingasinga wa Punjab, Waingereza walimwachia Gulab Singh, mtawala wa Jammu wa ukoo wa Dogra, nchi ya Kashmir kwa rupia milioni 7.5. Kashmir ikawa himaya ya maharaja chini ya ulinzi wa Uingereza, lakini si koloni lililotawaliwa na Uingereza moja kwa moja. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Katika miji ya milimani iliyokuwa mikononi mwao, kama Simla, Waingereza walijijengea nyumba, makanisa na vilabu. Kashmir hawakuweza. Watawala wa Dogra waliwakatalia wageni kumiliki ardhi au kujenga nyumba zao wenyewe, wakihofia kwamba atakayepewa kiwanja leo atadai nchi kesho. Kwa miaka mingi wageni walihitaji kibali cha kuingia, na walitakiwa kuondoka kabla ya majira ya baridi.

Wakati huohuo haja ya wageni ilizidi kukua. Joto la tambarare za Punjab kati ya Mei na Agosti liliwafukuza maofisa wa jeshi na wake za watumishi wa serikali kwenda milimani. Waliofika Srinagar walipangiwa nyumba chache za maharaja katika bustani ya Munshi Bagh, na makapera walipiga mahema chini ya miti ya chinari ya Chinar Bagh. Nyumba hazikutosha na mahema yalilowa kwa mvua. Dunga lilikuwa rahisi kukodi, lakini mikeka yake haikuzuia baridi, wala kumpa mgeni faragha mbele ya familia ya mwenye chombo.

Ufumbuzi ulipatikana mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwingereza aliyeitwa M. T. Kennard aliagiza kujengwa mashua yenye sakafu ya dunga, lakini yenye kuta za mbao, madirisha ya vioo na vyumba vilivyotenganishwa. Francis Younghusband, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza mjini Srinagar na aliyechapisha kitabu chake juu ya Kashmir mwaka 1909, alimtaja Kennard kuwa mwanzilishi wa mashua hizo, akaongeza kwamba wakati wake zilikwisha kuwa mamia. Masimulizi ya Srinagar humtaja pia mfanyabiashara wa hapo, Pandit Naraindas, kuwa miongoni mwa waliotangulia kugeuza dunga kuwa makazi ya heshima. Vyovyote iwavyo, kazi yenyewe ilifanywa na maseremala wa Kikashmiri, ambao walijua tangu zamani namna ya kuunda chombo bapa kisichozama katika maji ya kina kifupi.

Mashua haikuwa ardhi, kwa hiyo haikuguswa na katazo la maharaja. Mwingereza aliweza kununua ya kwake, kuipa jina, kuifunga kwenye ukingo wa mto karibu na maduka ya Wazungu, na kuiuza kwa mwenzake likizo yake ilipokwisha. Barabara ya bonde la Jhelum kutoka Rawalpindi, safari ya kilomita 320 hivi, ilifikia Baramulla karibu na mwaka 1890 na baadaye Srinagar, na idadi ya wageni ikapanda. Wahanji waliokuwa wakiajiriwa kusukuma na kulinda mashua hizo walianza kununua zilizokuwa zikiachwa na kujenga nyingine kwa mfano wake. Kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 20 biashara ya kuzikodisha ilikuwa imeshika mizizi mikononi mwao. Mwaka 1927, chini ya Maharaja Hari Singh, sheria ya wenyeji wa dola iliwahifadhia Wakashmiri na watu wa Jammu haki ya kumiliki ardhi, na hivyo ikaimarisha sababu ile ile iliyozizaa mashua hizo.

Ujenzi wake

Mti wa kuundia mashua ya wageni ni mwerezi wa Himalaya, ambao mafuta yake huufanya ustahimili maji kwa miaka mingi. Mashua za mwanzo zilikuwa nyembamba ili zipite chini ya madaraja na katika mifereji. Jinsi zilivyozidi kukaa mahali pamoja, ndivyo zilivyorefushwa na kupanuliwa. Nyingi zilizopo leo zina urefu wa mita 24 hadi 38 na upana wa mita tatu hadi sita.

Mpangilio wa ndani haujabadilika sana. Mgeni hupanda kwa ngazi ya mbao hadi kwenye baraza ya mbele, iliyozungushiwa nguzo na ukingo ulionakshiwa. Baraza inaingia sebuleni, sebule inaingia chumba cha kulia, kisha kuna kichumba cha kuandalia chakula, na kutoka hapo ushoroba mwembamba unapita kando ya vyumba viwili hadi vinne vya kulala, kila kimoja na maliwato yake. Juu ya paa kuna sitaha ya kuotea jua. Katika mashua za daraja la juu, dari hutengenezwa kwa vipande vidogo vya mbao vilivyokatwa kwa maumbo ya nyota na pembe nyingi na kupachikwa kimoja ndani ya kingine bila misumari, ufundi uitwao khatamband. Samani ni za mti wa jozi uliochongwa majani na maua, na sakafu hutandikwa mazulia ya Kikashmiri. Seremala, mchongaji, mfumaji zulia na mpaka rangi wa vyombo vya karatasi wote walipata kazi katika mashua moja.

Jiko halimo ndani ya mashua hiyo. Nyuma yake hufungwa dunga la zamani, au hujengwa nyumba ndogo ya mbao, ambamo familia ya mwenye mashua huishi na kupika. Mpango huo ulianza enzi za Waingereza, mgeni alipokodi vyombo vitatu kwa pamoja: mashua ya kulala, dunga la jikoni na watumishi, na shikara, mtumbwi mwepesi wenye kitambaa cha kuzuia jua, wa kwendea mjini.

Kulala majini

Kwa wageni wa kizazi cha kwanza, mashua ilikuwa nyumba ya kuhamahama. Juni walikaa mjini. Joto la bonde lilipozidi, mabaharia waliisukuma kwa pondo au kuivuta kwa kamba wakitembea ukingoni, kwenda Gandarbal au Manasbal, ambako upepo ni wa baridi zaidi. Muda wa kukodi ulihesabiwa kwa miezi. Tangu katikati ya karne ya 20 desturi hiyo ilififia. Mashua kubwa hazikuweza tena kupita, likizo zilifupishwa, na mgeni wa siku hizi hukaa usiku mmoja au kadhaa katika mashua isiyoondoka mahali pake.

Utaratibu wa siku, hata hivyo, una mengi ya kale. Mgeni huletwa kwa shikara kutoka gatini. Asubuhi hupewa chai au kahwa, kinywaji cha majani ya chai ya kijani kilichotiwa zafarani, hiliki na lozi. Wachuuzi wa maua, matunda, shali na vito huja kwa mitumbwi yao hadi barazani, na upande wa ndani wa ziwa Dal kuna soko la mboga linalofanyika alfajiri juu ya maji, ambako wakulima huuza mazao ya bustani zao zinazoelea. Jioni mwenye mashua huleta chakula kutoka jiko la nyuma: wali, kondoo, mboga za ziwani. Wakati wa baridi jiko la kuni la bati huwashwa sebuleni, na mgeni hupewa kangri, chungu kidogo cha makaa kilichofumiwa kikapu, ambacho Wakashmiri hukibeba ndani ya joho lao.

Kupata wageni ilikuwa kazi ya kushindana. Mawakala walikwenda kuwapokea wasafiri njiani wakiwa na barua za sifa zilizoandikwa na wageni waliotangulia, na barua hizo zilirithishwa kutoka baba kwenda kwa mwana. Majina ya mashua yalichaguliwa kwa jicho la mteja: ya wafalme na majumba ya Uingereza, ya maua, ya miji ya mbali. Serikali nayo ilijiingiza polepole. Sheria ya mwaka 1978 ya kusajili biashara za utalii iliwataka wenye mashua wajisajili, na mashua zikagawanywa kwa madaraja, kuanzia la kifahari, kupitia A, B na C, hadi la mwisho ambalo ni dunga.

Baada ya 1947

Uhuru na mgawanyiko wa India na Pakistani viliivuruga biashara kwa pigo moja. Vita vya kwanza vya Kashmir vilianza Oktoba 1947, barabara ya Rawalpindi ikakatwa na mstari wa mapigano, na Waingereza waliokuwa wateja wakuu walirudi kwao. Njia iliyobaki ilitokea kusini kupitia safu ya Pir Panjal, na theluji iliifunga mara kwa mara hadi handaki la Banihal lilipofunguliwa mwaka 1956.

Wateja wapya walitoka ndani ya India. Filamu za Kihindi zilizopigwa Kashmir, mojawapo Kashmir Ki Kali ya mwaka 1964, ziliwaonyesha mamilioni ya watazamaji shikara na mashua za Dal, na fungate ya Kashmir ikawa ndoto ya maharusi wa tabaka la kati. Watalii wa Ulaya na Marekani nao walirejea. Mwaka 1966 George Harrison wa Beatles alikaa katika mashua mjini Srinagar alipokuwa akijifunza sitari kwa Ravi Shankar. Katika miaka hiyo mashua nyingi zilihamia au kujengwa Dal na Nigeen, ambako kulikuwa na nafasi na mandhari ya milima, na zile za mtoni Jhelum zikabaki chache na za bei nafuu zaidi.

Uasi wa silaha ulioanza mwaka 1989 uliwafukuza wageni karibu wote. Juni 1991 watalii wa Israeli walitekwa nyara kutoka mashua ya Srinagar na mmoja wao akauawa. Kwa zaidi ya muongo mmoja familia nyingi ziliishi kwa kuuza samani na mazulia yao, na mashua zisizokarabatiwa zikaanza kuoza chini. Tangu hapo biashara imekwenda kwa kupanda na kushuka. Septemba 2014 Jhelum ulifurika na kuzamisha sehemu kubwa ya mji. Mashua kadhaa za mtoni ziliharibika, lakini wenye shikara wa Dal walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaokoa watu waliokwama ghorofani. Agosti 2019 serikali iliwataka watalii waondoke siku chache kabla ya kuifutia Kashmir hadhi yake ya pekee katika katiba, na mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona. Wageni wakarudi kwa wingi kuanzia 2022, kisha wakatoweka tena baada ya shambulio dhidi ya watalii huko Pahalgam, Kashmir, la Aprili 2025, lililoua watu 26.

Maji taka, moto na leseni

Hatari ya kudumu zaidi haitokani na siasa. Kwa karne nzima maji taka ya mashua yalitiririka moja kwa moja mtoni na ziwani. Tangu miaka ya 1980 serikali ilizuia kujengwa kwa mashua mpya ili kuokoa Dal, ambalo limekuwa likipungua na kujaa magugu. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa maslahi ya umma iliifanya Mahakama Kuu itoe amri mfululizo zilizobana ukarabati na kutaka maji taka yadhibitiwe. Wenye mashua hujibu kwamba uchafu mwingi hutoka kwenye mifereji ya mji na hoteli za nchi kavu, na kwamba wao ndio wa kwanza kuumia ziwa likifa. Baadhi ya mashua sasa zimeunganishwa na mabomba ya maji taka, na nyingine zimewekewa kwa majaribio vyombo vya kusafishia uchafu.

Ukarabati nao ni mzigo. Mbao za chini hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na mwerezi umekuwa adimu na ghali. Theluji nzito isipofagiliwa kwenye paa huweza kuizamisha mashua iliyochakaa. Moto ni adui mkubwa zaidi, kwa kuwa mbao kavu zimefungwa bega kwa bega: tarehe 11 Novemba 2023 moto uliteketeza mashua tano za Dal na kuua watalii watatu wa Bangladesh.

Mashua zilizosajiliwa sasa hazifiki 1,000, na vijana wengi wa Kihanji hutafuta kazi nyingine. Leseni haitolewi kwa mashua mpya. Inayoungua au kuzama hujengwa upya kwa kibali tu, na kibali huchukua muda. Watalii wamekwisha kuondoka na kurudi mara kadhaa tangu 1947, na kila mara wamezikuta mashua zikiwangojea. Mashua iliyozama bila kibali cha kuijenga upya hairudi, na ndiyo maana mustakabali wa hoteli hizi unategemea zaidi mbao, mabomba na vibali kuliko idadi ya wageni.